Kaa Upande wa Mkopaji: Hotuba kwa Wanaotaka Kuingia Katika Sheria ya Maendeleo ya Kimataifa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, mawakili wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada ya ajira na mafunzo katika sheria ya maendeleo ya kimataifa. Mratibu amenikabidhi karatasi ya maswali mliyoyatuma mapema, na karibu yote yanauliza mambo mawili: nikasome uzamili wapi, na Umoja wa Mataifa naingiaje. Nitayajibu, lakini mwishoni, kwa sababu anayeanza na maswali hayo mara nyingi huishia na cheti kizuri asichojua akifanyie nini.

Ninalotaka kusema ni hili. Anayeajiri katika uwanja huu hatafuti mtu mwenye huruma na mataifa maskini. Anatafuta mtu anayejua mikataba ya mikopo, au ardhi, au ununuzi wa umma, au kodi, au usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji. Maendeleo ni uwanja ambamo ujuzi huo unachezwa. Na katika uwanja huo upande wa mkopeshaji umejaa wataalamu tangu zamani. Upungufu uko ng'ambo ya pili ya meza, kwa serikali inayokopa na kwa watu ambao mradi utapita mashambani mwao. Mkitaka kazi yenye maana na isiyo na msongamano, tazameni huko.

Niwape kesi moja tukae nayo kidogo.

Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia ili inunue matrekta na zana nyingine za kilimo kutoka hukohuko Romania. Zambia ikashindwa kulipa. Miaka 20 baadaye, deni likiwa limefika kama dola milioni 30 pamoja na riba, Romania iliamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa Donegal International, kampuni iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na bei aliyolipa ilikuwa kama dola milioni 3.3. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ufanyeje pale anayekudai siye aliyekukopesha.

Mwaka 2003 serikali ya Zambia ilitia saini mkataba wa maridhiano na Donegal. Ndani yake ilikiri deni, na ikakubali kuachia kinga yake ya kidola, yaani ile haki ya nchi kutoshtakiwa katika mahakama za nchi nyingine na mali zake kutokamatwa huko. Malipo yalipokwama, Donegal ilikwenda Mahakama Kuu ya Uingereza, London, ikidai zaidi ya dola milioni 55. Hukumu ya Jaji Andrew Smith ilitoka Februari 2007, na ukiisoma utaona wazi kwamba mashahidi wa Donegal hawakumfurahisha. Lakini kifungu cha kuachia kinga kilikuwepo, na saini ilikuwa chini yake. Mwishowe Zambia iliamriwa kulipa kama dola milioni 15.5. Nchi hiyohiyo, miaka miwili kabla, ilikuwa imefikia hatua ya kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Yaani wakopeshaji wengine walisamehe, na aliyenunua deni kwa bei ya kutupa akaja kuvuna.

Watu wengi husimulia kesi hii kama hadithi ya ulafi, na ni kweli ulafi umo. Mimi huwa nawaambia vijana waisome kama somo la vifungu. Fikiria umekaa pale 2003, umepewa rasimu. Kifungu cha kinga kinasema nini hasa: tunaachia kinga ya kushtakiwa tu, au hata ya mali kukamatwa? Mali zipi? Tukichelewa awamu moja, tunarudi kudaiwa kiasi gani, kwa riba gani? Sheria ya nchi gani itatumika, na mahakama ipi? Hayo si maswali ya falsafa ya haki. Ni maswali ambayo wakili wa kampuni ya mafuta angeyauliza kabla kikombe cha kwanza cha kahawa hakijapoa, na kuyauliza hakuhitaji kipaji. Kunahitaji kuwa umeona mikataba mingi ya namna hiyo.

Baada ya kesi kama hizo ndipo ajira mpya zikazaliwa. Mwaka 2008 kilianzishwa Kituo cha Msaada wa Kisheria cha Afrika, kikiwa chini ya uenyeji wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ili kuzisaidia serikali dhidi ya hiyo mifuko tunayoiita mifuko ya tai, yaani inayonunua madeni kwa bei ya kutupa kisha kuyadai mahakamani kama Donegal, na kuzipa mawakili wakati wa kujadili mikataba ya madini, nishati na miundombinu. Mwaka 2010 Uingereza ilitunga sheria ya kuweka kikomo kwa kiasi ambacho wadai wa kibiashara wanaweza kukidai katika mahakama zake kutoka kwa nchi zilizomo kwenye ule mpango wa msamaha. Mtu aliyeketi kuandika sheria ile alikuwa mwanasheria wa maendeleo, hata kama kadi yake ya kazi haikusema hivyo.

Sasa tusogee kwenye kazi ya kila siku, maana kesi za London ni chache na siku za mwaka ni nyingi.

Chukua mkataba wa mkopo kati ya nchi na Benki ya Dunia. Iko mingi mtandaoni, bure, na ninashangaa ni wanafunzi wachache kiasi gani wamewahi kuufungua hata mmoja. Mkataba wenyewe ni mfupi. Kuna vifungu vichache mwanzoni: kiasi cha mkopo, riba, ahadi za mkopaji, hatua za kuchukuliwa mambo yakiharibika, masharti ya mkataba kuanza kufanya kazi. Kisha majedwali: moja linaeleza mradi ni nini, jingine linaeleza utatekelezwaje, jingine marejesho. Mwanafunzi husoma vifungu vya mbele na kudhani amemaliza. Uzito uko katika jedwali la utekelezaji, na katika ule waraka mwingine kabisa, Masharti ya Jumla, ambao mkataba unausharabu kwa sentensi moja tu. Mkopaji anafungwa na kurasa ambazo hazimo ndani ya kile alichosaini mbele ya kamera.

Kisha kuna siku baada ya kamera. Bendera zimekunjwa, mawaziri wamepeana mikono, na fedha haziji. Haziji kwa sababu mkataba haujaanza kufanya kazi. Kunatakiwa uthibitisho kwamba masharti ya awali yametimizwa, na kunatakiwa barua ya maoni ya kisheria, kwa kawaida kutoka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ikisema kwamba mkataba umeidhinishwa kwa taratibu zote za nchi na unaibana nchi kisheria. Nani anaiandika barua hiyo? Anaiandika kijana wa daraja la chini katika ofisi hiyo, kisha wakubwa wanasaini. Ili aiandike kwa haki lazima ajue katiba inataka bunge liridhie au halitaki, sheria ya mikopo inasema nini, nani alikuwa na mamlaka ya kusaini. Akichelewa, tarehe ya mwisho inakaribia, na mikopo mingi hutoza ada hata kwa fedha ambazo bado hazijachukuliwa. Nchi inalipa kwa kutotumia. Nimewahi kuona faili la namna hiyo limelala mezani kwa mtu aliyekwenda likizo bila kukabidhi. Hakuna semina ya kimataifa inayozungumzia hilo, lakini kijana akijifunza kazi hiyo kwa miaka mitatu, benki na mashirika watamtafuta wao wenyewe.

Historia kidogo, kwa haraka. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walipeleka wanasheria wao Amerika ya Kusini, Afrika na Asia kwa imani kwamba sheria za kisasa na vyuo vya sheria vya kisasa vitaleta maendeleo. Mwaka 1974 wawili kati ya wasomi wao wenyewe, David Trubek na Marc Galanter, waliandika kwamba imani ile ilikuwa na kasoro kubwa: walichukua picha ya nchi yao, wakadhani ndiyo ya dunia. Fedha zilipungua na vuguvugu likapoa. Likarudi miaka ya 1990 kwa jina la utawala bora. Mtu muhimu hapo ni Ibrahim Shihata, Mmisri, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Benki ya Dunia toka 1983 hadi 1998. Katiba ya Benki inaikataza kujiingiza katika siasa za wanachama. Mwishoni mwa 1990 Shihata alitoa maoni ya kisheria yaliyochora mpaka: hapa ni siasa, tusiguse, hapa ni utawala wenye athari za kiuchumi, tunaweza. Kwa waraka mmoja wa mwanasheria, miradi ya mageuzi ya mahakama na sheria ikapata uhalali. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, mimi mwenyewe naona mpaka ule umevutwa mno tangu hapo. Lakini angalieni nguvu ya maoni ya kisheria yaliyoandikwa vizuri.

Katika mwaka uleule wa 1983 wanasheria watatu walianzisha huko Roma taasisi ya kuwafundisha wanasheria wa nchi zinazoendelea kujadili mikataba na wakopeshaji na wawekezaji. Leo ni IDLO, shirika la kiserikali la kimataifa linaloshughulika na utawala wa sheria. Lilianza kama darasa la majadiliano ya mikataba. Nalipenda sana chimbuko hilo.

Kuna upande mwingine wa meza niliougusa: wale wanaoishi mahali mradi unapopita. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliunda Jopo la Ukaguzi, ambapo watu wawili au zaidi wanaoathirika wanaweza kulalamika kwamba Benki haikufuata sera zake yenyewe. Lalamiko la kwanza lilihusu bwawa la Arun III nchini Nepal, na 1995 Benki ilijitoa. Nchini Uganda, wakazi wa eneo la barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal walilalamika, pamoja na mengine, kuhusu wafanyakazi wa mkandarasi kuwadhulumu kingono wasichana wadogo. Desemba 2015 Benki ilifuta ufadhili wa mradi. Kazi kubwa katika malalamiko kama haya haifanywi na mawakili wenye majoho. Inafanywa na wasaidizi wa kisheria wanaokaa na watu, wanaandika tarehe na maelezo, wanapiga picha mipaka ya shamba kabla tingatinga halijafika, wanatunza karatasi. Ushahidi usipokusanywa wakati huo hautapatikana tena.

Mkitaka kujua mipaka ya njia hii, someni kesi ya wavuvi na wakulima wa Gujarat, India, dhidi ya IFC, mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha sekta binafsi, kuhusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 1, kwamba mashirika ya kimataifa hayana kinga isiyo na mwisho nchini humo. Kulikuwa na shangwe. Kesi iliporudi mahakama za chini, wavuvi walishindwa, kwa sababu ilionekana kitendo chenyewe hakikufanyika Marekani. Walifunguliwa mlango, ila chumbani hapakuwa na kiti chao. Mnaoipenda kazi hii muipende na hilo likiwemo.

Nije kwenye mafunzo.

Jambo ambalo vyuo vya sheria havifundishi vya kutosha ni hesabu. Mfano ni shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania. Kampuni yenye ubia wa Uingereza na Ujerumani ilipewa mwaka 2003 kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mambo yakaharibika, na katikati ya 2005 serikali ikaichukua huduma. Kampuni ikaenda ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Kundi la Benki ya Dunia. Julai 2008 baraza la wasuluhishi lilisema Tanzania ilivunja mkataba wa uwekezaji. Fidia waliyotoa? Sifuri. Kwa nini? Kwa sababu siku serikali ilipoichukua, biashara ile haikuwa na thamani tena. Hoja za sheria zilipotezwa kwa sehemu kubwa, hoja ya mizania ikaokoa. Anayeweza kuusoma mtiririko wa fedha wa kampuni na kumhoji mtaalamu wa tathmini bila kutetemeka ana thamani kuliko mwenye shahada tatu za haki za binadamu. Nasema hivyo nikiziheshimu haki za binadamu. Kwa hiyo kasomeni uhasibu wa msingi, hata kama ni kozi ya jioni.

Lugha nayo. Kiingereza pekee hakitoshi. Nchi 17 za OHADA, shirika la kuoanisha sheria za biashara barani Afrika, zinatumia sheria za biashara za pamoja, na Kifaransa ndicho kinachotawala huko. Ukiweza kufanya kazi ya kisheria kwa Kifaransa na Kiingereza, msururu unaosimama nao unapungua sana. Na jizoezeni kuandika kwa ufupi. Zoezi ninalolipenda ni kuchukua kifungu kimoja cha mkopo na kumweleza mtu asiyesoma sheria, kwa lugha anayoizungumza nyumbani, mpaka aweze kukuuliza swali la maana. Akishindwa kuuliza, wewe ndiye hujaelewa kifungu.

Mengi ya haya ni bure. Maktaba ya Umoja wa Mataifa ya Sauti na Picha kuhusu sheria ya kimataifa ina mihadhara ya majaji na maprofesa wakubwa, huru kwa yeyote. Shirika la Biashara Duniani (WTO) lina kozi za mtandaoni. Ripoti za Jopo la Ukaguzi na hukumu nyingi za ICSID ziko wazi. Kituo cha Ushauri wa Sheria za WTO, kilichopo Geneva tangu 2001, huwapokea kwa muda wanasheria wa serikali za nchi maskini waje kufanya kazi ndani, na hiyo ni shule kuliko shule. Ila angalieni: huwachukua walioko serikalini tayari.

Basi, uzamili. Kasomeni baada ya kufanya kazi miaka miwili au mitatu, si kabla. Ukifika darasani ukiwa umeshika faili, utajua cha kuuliza. Chagueni chuo kwa mwalimu na kwa kliniki yake ya sheria, na jina la chuo liwe la mwisho. Ulizeni wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi. Chuo kikikwepa swali hilo, jibu mmelipata. Na msikope fedha nyingi kwa ajili ya shahada hii. Itakuwa kichekesho mwanasheria wa madeni kuzama katika deni lake.

Umoja wa Mataifa. Kuna Mpango wa Vijana Wataalamu: usizidi miaka 32, uwe na shahada, na nchi yako iwe katika orodha ya mwaka huo, maana nchi zenye watu wachache ndani ya Sekretarieti ndizo hualikwa. Sheria si kila mwaka iwemo kati ya fani zinazotahiniwa. Benki ya Dunia imekuwa na mpango wake wa vijana tangu 1963, na ushindani ni mkali. Kuna nafasi za maofisa vijana zinazolipiwa na serikali wafadhili, na nyingi huenda kwa raia wa nchi hizohizo. Mafunzo kwa vitendo katika Sekretarieti hayana malipo, hivyo huwafaa zaidi wenye mtu wa kuwalipia kodi ya nyumba New York au Geneva. Hilo ni dhuluma, na linaeleza sehemu ya sababu ya meza hizi kuonekana kama zinavyoonekana.

Na hali ya sasa msidanganywe. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai USAID, shirika lake la misaada, haikuwa tena inaendesha programu. Uingereza ilitangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Miradi ya utawala wa sheria ilikuwa kati ya iliyokatwa, na washauri waelekezi niliowajua kwa miaka mingi sasa wanatafuta kazi. Aliyejenga maisha yake yote juu ya hadidu za rejea za mfadhili mmoja ameumia. Lakini mikopo haijapungua kwa sababu misaada imepungua. Serikali zikikosa msaada hukopa zaidi, na kila mkopo una mkataba, na kila mkataba unahitaji mtu wa kuusoma kwa niaba ya mkopaji. Ofisi za Mwanasheria Mkuu, vitengo vya madeni katika wizara za fedha, mamlaka za ununuzi, mashirika ya msaada wa kisheria wa ardhi: huko ndiko ningepeleka barua ya maombi leo kama ningekuwa na umri wenu. Mshahara wa mwanzo hautakufurahisha. Mafaili yatakufurahisha.

Mkiandika barua hizo, acheni aya ya "tangu utotoni nimekuwa na shauku ya haki". Andikeni mmesoma mkataba gani, mkaona tatizo gani kifungu namba ngapi, na mngependekeza maneno gani badala yake. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi nimekaa katika kamati za usaili, na barua ya namna hiyo ikija, kamati nzima huacha kupiga miayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nadhani sasa ni zamu ya maswali, na nianze na waliosimama.